Boriti Nane za Kamihanda

Walikale, tarehe 12 Februari 2007

Kwa Papa Callixte Nizeyimana, mlinzi wa hangari la maziwa, Kirolirwe

Papa Callixte,

Tumsifu Yesu Kristu, kama huko kwako bado anasifiwa. Naitwa Blandine Masika. Ni mfanyabiashara, nimetoka Butembo, naishi Walikale miaka kumi na tisa sasa, na ni rais wa kamati ya daraja la Kamihanda. Yule fundi uliyemfukuza kwa mbwa wiki jana, akapanda mti na kukaa huko juu hadi saa kumi alasiri, anaitwa Munyakazi. Nilimtuma mimi. Alikuja na karatasi mfukoni na salamu mdomoni, wewe ukampokea kwa mbwa. Suruali yake nimeishona mwenyewe.

Karatasi hiyo imetiwa sahihi na Bwana Hakorimana wa Goma, mtoto na mrithi wa patron wako wa zamani. Ametupa boriti zote nane za chuma zinazobeba paa la hangari hilo. Ng'ombe waliondoka humo tangu mwaka wa tisini na nne, maziwa hayapiti tena, na mwenye mali amesema tuchukue tukajenge. Wewe ni mlinzi. Mwenye nyumba akisema fungua, mlinzi hufungua.

Nakueleza shida yetu usije ukasema hukujua. Daraja la Kamihanda ni la magogo. Kila miaka miwili linaoza, na kila likioza tunaangusha miti minane minene ya ukingoni ili kuweka magogo mapya. Sasa imebaki minane ya mwisho. Mizizi yake ndiyo inayoushika ukingo. Pale tulipokwisha kukata, kilima kimeteremka mtoni pamoja na mashamba ya mihogo ya watu. Mwami wetu, mwenye ardhi, ametupa muda mpaka mwisho wa Agosti. Chuma kisipofika, misumeno itaingia kwenye miti hiyo, na baada ya miaka miwili hatutakuwa na mti wala daraja. Chuma kipya sikitaki hata kama ningepewa. Kukiyeyusha huko ng'ambo kunakula makaa ya mawe kilima kizima, halafu kivuke bahari, kipakiwe kwenye malori, na cha kwako kimesimama hapo kizima bila kazi.

Nina mtoto mmoja tu, Trésor, ana miaka ishirini na mitatu, anaendesha lori. Anapita juu ya magogo hayo kila Jumanne akienda na kila Ijumaa akirudi. Siku hizo mbili mimi duka sifungui. Nataka boriti nane, nzima, kabla ya mvua. Mfunge mbwa wako.

Blandine Masika

*

Kirolirwe, tarehe 25 Februari 2007

Mama Rais wa Daraja,

Barua yako imefika na nimeisoma. Mbwa naye nimemsomea. Anasema hajutii.

Hangari hili nililipandisha mwenyewe mwaka wa sabini na nane. Nilikuwa kijana wa kuunga vyuma, natembea juu ya boriti hizo bila kamba, wazungu wakitazama chini wamefumba jicho moja. Hakuna boliti humo ambayo mkono wangu haukuikaza. Patron alipokimbia aliniachia funguo na neno moja tu, tunza. Tangu hapo sijui ni majeshi mangapi yamelala humu ndani. Kila moja lilikuta paa na likaliacha paa. Kwa ajili ya paa hilo nimepigwa mara mbili, na meno yangu matatu yalibaki kwenye sakafu ya saruji. Leo kijana wa Goma ambaye hajawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe anatia sahihi, na mwanamke wa Walikale ananifundisha kazi ya mlinzi!

Halafu wewe ni mfanyabiashara. Nawajua nyinyi. Bonde hili lilikuwa na mahangari sita. Matano yamekatwa kwa moto wa gesi na watu wenye karatasi nzuri kama yako. Mmoja alisema anajenga shule, mwingine akasema hospitali, na chuma chote kikavuka mpaka kama chakavu. Mwenzenu mmoja alikaa humu ndani mwangu, akanywa chai yangu, akaapa kwa rozari yake kwamba baada ya wiki mbili atarudi. Huu ni mwaka wa pili. Kama wiki zenu ni ndefu hivyo, basi Agosti yenu bado iko mbali.

Karatasi ni karatasi, siwezi kuikataa moja kwa moja. Masharti yangu ni haya. Gesi haiingii humu. Boriti ikikatwa kwa gesi si boriti tena, ni kipande cha kuuza kwa kilo. Kila boliti itafunguliwa kwa mkono, na kila kipande kitapigwa alama kwa patasi, si kwa rangi, maana rangi huoshwa na mvua na mnabaki mnagombana chuma gani ni cha wapi. Tutaanzia nyuma. Upande wa mbele hagusi mtu mpaka niseme mimi, na asipande mtu juu isipokuwa mimi. Na si kabla ya Juni.

Ukiona ni magumu, rudisha karatasi Goma.

Callixte Nizeyimana, muunga vyuma

*

Walikale, tarehe 14 Machi 2007

Papa Callixte,

Patasi nimeikubali. Ni neno la kwanza la akili kutoka kwako, na nimelisoma kwa kamati nzima ili wajue unazo kidogo. Juni siikubali. Na hayo mambo ya mbele hapaguswi, juu hapandi mtu, umekuwa padri unalinda altare?

Unaniita mfanyabiashara kana kwamba ni ugonjwa. Basi nikuambie mgonjwa huyu anatafuta dawa gani.

Tarehe 4 Machi 2005 mume wangu, Lévi Kambale, alianguka na lori lake Kamihanda. Pale darajani kuna kizuizi cha kamati, na sheria yetu ni kwamba magogo hayabebi zaidi ya magunia themanini. Lori likizidisha, wapagazi wanashusha na kuvusha kwa mgongo. Mizani hatuna, tunahesabu magunia. Mimi ndiye waliyeniweka kuhesabu, kwa sababu hakuna anayethubutu kuniomba nifumbe macho. Siku ile nilipanda juu ya lori la mume wangu na kuhesabu mara mbili, asije mtu akasema nampendelea. Viazi vya Masisi, magunia sabini na manane. Nikashuka, nikamwambia apite. Magogo yalivunjika katikati.

Lévi tulimpata siku ya pili, chini kabisa kwenye mawe. Lori liko palepale hadi leo, limezama kwenye mchanga, na mvua ikinyesha huoni hata bomba la moshi. Watu walisema magogo yalikuwa yameoza. Asubuhi ile nilikuwa nimeyakanyaga kwa miguu yangu na hayakuwa yameoza, lakini wote walisema yameoza, na mimi nikanyamaza, maana hesabu ni hesabu.

Sasa mtoto wake anapita palepale. Ukiniambia Juni, naona kwamba hujawahi kumngoja mtu. Munyakazi atakuja baada ya Pasaka.

Blandine Masika

*

Kirolirwe, tarehe 1 Aprili 2007

Mama Blandine,

Pole kwa msiba wako. Sikuwa na habari.

Usimtume Munyakazi. Usimtume mtu yeyote. Njia huku si nzuri, kuna vizuizi viwili vipya na kila kimoja kina bwana wake. Boriti za hangari hili haziwezi kutoka mwaka huu. Sababu siwezi kuiandika. Tafuteni chuma mahali pengine.

Nijibu jambo moja tu, kisha hatuna haja ya kuandikiana tena. Mumeo alikuwa anavaa shingoni rozari ya mbegu nyeusi, yenye msalaba wa shaba uliovunjika mkono mmoja?

Callixte

*

Walikale, tarehe 20 Mei 2007

Wewe Callixte,

Sikuiti tena Papa.

Munyakazi alikuja. Alikuja siku ya soko, wewe ukiwa Kitshanga na mbwa wako akiwa amekufuata, Mungu ambariki mbwa huyo kwa mara ya kwanza. Alipanda juu. Boriti nne za nyuma ni chuma, ameziona. Akaenda mbele, kule usikotaka mtu aguse, akakwaruza rangi kwa msumari, na chini ya rangi akakuta nini? Mti! Mikaratusi minne, umeichonga pembe nne, umeipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na umechora hata vichwa vya boliti kwa rangi nyeusi, vyote vya ukubwa mmoja. Munyakazi anasema ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuona. Nilicheka mpaka Trésor akaja mbio kutoka dukani, kisha nikakaa chini na kulia, na yeye hakujua anishike au aniache.

Patasi, sijui alama, sijui rangi huoshwa na mvua! Ulikuwa unatuuzia maneno ili usishikwe. Meno matatu uliyopoteza, kumbe uliyapoteza ukilinda miti uliyopaka rangi. Na ulinitukana mimi kwamba nyinyi wafanyabiashara mnakula chuma. Nani amekula boriti nne? Ulimuuzia nani?

Daraja linataka nane. Kwa nne Mwami hatasubiri, na misumeno imekwisha kunolewa. Ukisikia mwanangu ameanguka, ujue ulimwangusha wewe, kwa brashi yako.

Nimewaandikia Bwana Hakorimana na paroko. Una mwezi mmoja wa kusema chuma kiko wapi.

Na ndiyo, Lévi alivaa rozari ya mbegu nyeusi, na msalaba wake ulivunjika mkono. Tulimzika nayo. Nani alikuambia habari za shingo ya mume wangu?

Blandine Masika

*

Kirolirwe, tarehe 3 Juni 2007

Mama Trésor,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana. Hii ya nne naiandika bila kusimama, na sitaisoma tena kabla ya kuifunga.

Boriti nne nilimpa mumeo.

Alifika hapa Februari 2005 kununua viazi. Mvua ilimkamata, akaingia hangarini, akainua macho juu na kusahau viazi. Akanambia, "Papa, kule kwetu miti inaisha, kila mwaka tuko tunakata, na hii chuma iko inalala tu hapa inafanyia njiwa nyumba. Nipatie. Ni ya daraja." Nilimwambia si mali yangu. Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya tatu alitoa mfukoni kamba yenye mafundo mawili, akasema huo ndio upana wa Kamihanda, kutoka jiwe hadi jiwe. Niliipima kwenye boriti. Ilibaki shubiri moja kila upande. Nikamwambia, Bwana, mtu angeagiza kiwandani asingepata kipimo hiki. Tangu hapo nilikuwa nimeshindwa. Ningeona kazi yangu imebeba malori badala ya njiwa.

Tulikubaliana achukue nne kwanza. Angeenda kuwaonyesha kamati, kisha angemtafuta Hakorimana, alete karatasi, achukue nne nyingine. Nilimfungulia kwa mkono wangu, nikamtobolea matundu miishoni mwa kila boriti kwa kufuata kamba yake. Mbele nikaweka mikaratusi ya muda, paa lisianguke, na nikaipaka rangi ili wenye bunduki wasijue kwamba boriti zinaweza kutoka. Ningoje wiki mbili, alisema. Nilimngoja miaka miwili na nikamtukana kila siku ya miaka hiyo. Nilisema ameuza. Kila mwenye duka aliyepita nilimwona ni yeye. Nilikutukana wewe kwa sababu yake, na yeye alikuwa ardhini.

Sasa sikiliza lililobaki, kwa maana ndilo baya.

Boriti moja ni kilo mia tatu na arobaini. Nne zake ni karibu magunia ishirini na saba. Tulizilaza chini kabisa kwenye lori, tukazifunika kwa viazi, kwa ajili ya vizuizi vya njiani. Wangeziona wangezichukua. Nilimuuliza kama daraja lenu lingebeba. Alicheka. Akasema, "Kule banahesabu magunia tu, Papa. Chuma haiko gunia." Nikamuuliza kama atawaambia pale kizuizini. Akasema, "Pale kuko basoda wawili wa bunduki, siwezi kufungua kinywa. Nitamwambia bibi yangu, mama Trésor, tukishafika kwa nyumba. Atacheka sana."

Nilijua uzito. Kazi yangu ni kujua uzito. Ningeweza kumwambia ashushe viazi. Nilimwona ana haraka, na mimi nilikuwa na furaha, nikanyamaza.

Boriti zako ziko mtoni, Mama, chini ya lori. Ziko pale tangu siku ile.

Callixte Nizeyimana

*

Walikale, tarehe 24 Juni 2007

Callixte,

Barua yako niliisoma mara moja jikoni, nikaitia motoni, nikaitoa kwa mkono. Kona imeungua na mkono wangu pia.

Kama ungekuwa mbele yangu ungepoteza meno mengine. Atacheka! Unaniandikia kwamba ningecheka. Nilikuwa juu ya viazi vile, nikihesabu kwa kidole, naye amesimama chini ananitazama, amekunja mikono, anatabasamu, na mimi nikadhani ananisifu kwa kuwa mkali hata kwake. Miaka miwili nalishika tabasamu lile kama kitu changu. Na wewe umenipokonya.

Siyaamini maneno yako ya daraja. Marehemu hajibu, ni rahisi kumvika nguo nzuri. Labda alitaka kuziuza Bisie kwa wachimbaji wa mawe ya bati, wanaotafuta chuma cha kushikilia mashimo yao. Labda mligawana. Labda kamba yenye mafundo umeitunga wewe, kwa sababu unajua kuchora boliti pasipo boliti.

Lakini mtu akisema kuna chuma mtoni, chuma hicho kipo au hakipo. Nimeiita kamati. Sikuwaambia habari za viazi, nimewaambia tu kwamba lori litolewe. Mwezi wa saba maji yako chini, tutachimba.

Wewe fungua zile nne za kweli. Trésor atakuja kuzichukua mwisho wa Julai. Andika kwenye karatasi kila kitu kinachopanda kwenye lori lake na uzito wake, hata spana, hata kikapu cha mayai. Asipande na gunia hata moja. Atasimama ng'ambo ya mto, hatapita juu ya magogo. Ukimpa mwanangu kitu cha kuficha, nitakuja Kirolirwe mwenyewe.

Usimwambie lolote.

Blandine

*

Kirolirwe, tarehe 5 Agosti 2007

Mama Trésor,

Anayekuletea barua hii ni mwanao, pamoja na boriti nne. Orodha iko ndani ya bahasha. Boriti nne, kila moja ina namba iliyopigwa kwa patasi kwenye ukingo wake wa chini. Boliti sitini na nne kwenye ndoo, nimezipaka mafuta. Bamba nane. Minyororo miwili na kapi langu, ambalo nataka lirudi. Mayai hakuna.

Imekuwa kazi mbaya. Tangu tarehe kumi na tano Julai askari wa upande mmoja wa vita walikuwa wanapika hangarini, wakichoma milango. Nilimwambia mkubwa wao kwamba paa limechoka na litawaangukia. Nikampeleka mbele, nikamkwaruzia rangi, nikamwonyesha mti. Aliniita mwizi, akacheka, akawatoa watu wake siku ileile. Kwa hiyo mikaratusi yangu imefaa kitu. Tulifungua mabati asubuhi sita mfululizo, mimi na majirani wanne, tunashuka jua likichomoza vizuri kwa sababu ya risasi za kilima cha pili. Hangari sasa ni nguzo tu. Wa kwanza kulipandisha na wa mwisho kulishusha ni mtu mmoja, na mtu huyo jana hakuweza kula.

Sikuandikii ili unihurumie. Uliniandikia maneno na mengine ni ya kweli, lakini moja silikubali. Sikugawana kitu na Lévi. Ukitaka kusema mimi ni mjinga, sema. Ukitaka kusema nilimuua, hilo nami nalisema kila asubuhi. Mwizi siyo. Wala yeye hakuwa mwizi, na ni aibu kwako kwamba mtu wa Kirolirwe aliyemjua siku tatu ndiye anayemtetea mbele yako.

Trésor nilimpa chai. Ana mabega ya baba yake. Alishika boriti, akaigonga kwa ngumi, akaniuliza, "Papa, hii njo itabeba lori mzima?" Nikamwambia itabeba malori mawili. Aliuliza kwa nini mbele kumelala miti iliyopakwa rangi. Nikamwambia nilikuwa na haraka siku moja. Kazi ya kumwambia ni yako, na usiicheleweshe, maana yeye si mpumbavu.

Kutoa zile za mtoni msitumie gesi. Msifunge mnyororo katikati, fungeni mwisho mmoja, ivuteni kwa mshazari, polepole, mchanga uachie. Kutu ya juu isiwatishe, ikwangueni.

Nikiitwa nitakuja. Nisipoitwa nitakaa.

Callixte Nizeyimana

*

Walikale, tarehe 30 Agosti 2007

Papa Callixte,

Kapi lako liko salama, liko nyuma ya mlango wangu.

Tulilifunga kwenye miti ya ukingoni, ileile minane. Ilichukua siku nne kulitoa lori na siku tatu kuzitoa boriti. Kijiji kizima kilikuja kuvuta. Boriti ya kwanza ilipotoka, watu walipiga kelele za furaha, wakadhani ni sehemu ya lori. Trésor hakupiga kelele. Alipanda juu yake na maji yakitiririka, akapitisha kidole kwenye matundu ya miishoni, akaenda moja kwa moja kwenye zile nne ulizompa akatazama matundu yake, yaleyale, kisha akanitazama mimi. Jioni nilimwambia yote, yako na yangu. Alinawa mikono, akala, akaenda kulala saa moja. Asubuhi alinisalimu kama kawaida, na bado sijui ananisalimu kwa moyo gani.

Tuliiweka ile ya kwanza juu ya mawe bila kuipima. Ilibaki shubiri moja huku na shubiri moja kule. Munyakazi alipima mara tatu, akasema mtu aliyeichagua hii aliujua mto huu. Nilikaa chini kwenye matope mbele ya kamati yote.

Basi hukusema uongo. Lévi alikuwa anatuletea daraja. Nakuambia kweli, nilitamani uwe mwongo. Ningekuwa na wewe wa kumchukia, na ningekuchukia vizuri, mimi najua kuchukia. Sasa nimebaki na mtu aliyekaa kimya huko kwako kwa sababu alikuwa na furaha, na mtu aliyekaa kimya kwangu kwa sababu ya askari wawili, na mimi niliyesema apite. Hasira yangu haina mahali pa kukaa, inazunguka nyumbani usiku na mchana kama mgeni asiyeondoka.

Mwami alikuja kuona. Ameiacha miti minane isimame, na amewakataza watu kuigusa hata kwa kuni.

Juzi lori la kwanza lilipita. Trésor mwenyewe ndiye aliyetaka, na alitaka lijae. Alifika kizuizini, akasimama, injini inanguruma, akatoa kichwa dirishani, akasema, "Mama, nipite?" Sheria ni kwamba mimi ndiye nasema. Watu walingoja. Alirudia, "Mama, nipite ao nisipite?" Sikuweza, Callixte. Nikageuka, nikashuka kwenye daraja kwa miguu, nikatembea katikati ya mbao mbele ya lori, bila kugeuka nyuma, na nikasikia ameweka gia akanifuata. Nilihisi chuma kinatetemeka chini ya visigino vyangu hatua kwa hatua mpaka ng'ambo. Hakikulia hata kidogo.

Sijakusamehe. Sijui kama hilo litakuja, na usiniulize.

Boliti mbili za upande wa juu wa mto zimelegea. Munyakazi hana spana ya ukubwa huo, na sitaki azikaze mtu mwingine. Jumanne Trésor atakuwa Kirolirwe, panda naye. Kapi lako utalikuta kizuizini. Nyumbani kwangu usipite.

Blandine Masika